Anayelipa elfu kumi kila siku, na asiyelipa mkopo usio na riba: kisa cha asilimia kumi za halmashauri

Aprili 2023, bungeni Dodoma, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kusimamishwa kwa mikopo ya asilimia kumi inayotolewa na halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Muda mfupi kabla ya hapo, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilikuwa imeanika yale ambayo watu wa ofisi za kata walikuwa wakiyajua siku nyingi: mabilioni hayajarejeshwa, vikundi vingine vimeshaacha biashara, vingine havijulikani vilipo, na vingine havikuwahi kuwapo. Dirisha likafungwa. Lilikuja kufunguliwa mwaka wa fedha 2024/25 ulipoanza, baada ya zaidi ya mwaka mzima.

Katika kipindi hicho kila mtu alizungumza habari ya wizi. Vikundi hewa, maofisa walioshirikiana na matapeli, majina ya kubuni. Wizi ulikuwepo na wahusika walistahili kushtakiwa. Lakini ukiuondoa wote, ukabaki na vikundi vya kweli, vyenye watu wa kweli, waliochukua pesa kwa nia ya kweli, bado utakuta marejesho yanasuasua. Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Swali linalonisumbua ni jepesi kulitamka: kwa nini kijana yule yule anayempelekea tajiri wa bodaboda hesabu ya elfu kumi kila jioni, mvua au jua, anashindwa kurudisha mkopo wa serikali usio na hata senti ya riba?

Kwanza pesa inavyopatikana. Utaratibu wa halmashauri kutenga fungu la vijana na wanawake ulikuwepo tangu miaka ya 1990, ila ulikuwa wa maelekezo. Mkurugenzi akibanwa na posho au mafuta ya gari, fungu la vijana ndilo la kwanza kuliwa. Mwaka 2018 Bunge liliingiza kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na kuanzia hapo kutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani, baada ya kuondoa mapato lindwa, yaani yale yaliyokwisha kupangiwa matumizi maalumu, ikawa ni lazima: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Riba hakuna. Kanuni zikafuata mwaka 2019, nazo zimerekebishwa zaidi ya mara moja. Kama sera, ni jambo zuri kuliko wengi wanavyolisifia. Nchi chache zimeandika kwenye sheria kwamba sehemu ya ushuru wa soko na leseni za biashara irudi mikononi mwa wasio na kitu.

Tatizo linaanzia kwenye neno moja la masharti: kikundi.

Tangazo likishabandikwa ofisi ya kata, au diwani akishalitamka mkutanoni, vijana wanaanza kutafutana. Kanuni za mwanzo zilitaka watu kumi, baadaye idadi ikashushwa hadi watano. Wawe wakazi wa halmashauri hiyo, wasiwe na ajira rasmi, wawe na katiba, akaunti ya benki, muhtasari wa kikao na andiko la mradi. Sasa tazama hali ilivyo mtaani. Mwenye shughuli ni mmoja. Ni fundi welda anayekodi mashine, au binti mwenye cherehani moja barazani kwa mama yake. Anahitaji wenzake wanne ili atimize idadi, kwa hiyo anawaita: binamu, rafiki wa kijiweni, jirani aliyemaliza chuo mwaka juzi, na mwingine ambaye kitambulisho chake cha NIDA kimeshatoka. Siku hiyo hiyo wanakuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, vyeo vitatu kwa watu watano. Katiba inatoka stesheneri. Jamaa wa stesheneri anayo tayari kwenye kompyuta, pamoja na andiko la ufugaji wa kuku wa mayai. Anabadilisha jina la kata, anachapa, anachukua chake.

Kikundi hiki si hewa. Watu wapo, ukiwapigia simu watapokea. Ila biashara ya pamoja haipo na haikuwahi kukusudiwa. Waliungana kwa ajili ya fomu.

Halafu pesa inaingia. Mara nyingi inakuwa pungufu ya ile iliyoombwa, kwa sababu halmashauri inataka kila kata ipate chochote. Andiko lilitaka milioni ishirini za banda, vifaranga na chakula, zinakuja nane. Milioni nane haziwezi kuanzisha mradi ulioandikwa kwenye karatasi, na watu watano hawawezi kusubiri kuku wakue huku kodi ya chumba inadaiwa. Kwa hiyo wanagawana. Fundi anapata cha kuongezea kwenye mashine, mwingine analipa deni la kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, mwingine anafungua genge, na mmoja, hakosekani, anahama mji. Marejesho yakianza, fundi peke yake ndiye mwenye kipato, naye anatakiwa kulipia wanne. Analipa mwezi wa kwanza na wa pili. Wa tatu anajiuliza kwa nini abebe mzigo wa watu, na akikosa jibu anaacha. Mkaguzi akija anaandika: kikundi kimeshindwa kurejesha. Hakuna safu ya kuandika kwamba mmoja alikuwa analipa.

Kuna watakaosema mbona vikoba vinafanya kazi kwa dhamana hiyo hiyo ya pamoja. Vinafanya, na sababu zake zinaonekana. Kikoba kinakutana kila wiki. Hela ni ya wanachama wenyewe, imetoka kwenye pochi zao hisa kwa hisa. Ukikopa usirudishe, unamdhulumu mama aliyeketi kiti cha pili kutoka kwako, ambaye mtakutana naye msibani na kwenye foleni ya maji. Hela ya halmashauri haina sura hiyo. Inakuja na mfano wa hundi mkubwa kama mlango, mkuu wa wilaya anaikabidhi mbele ya kamera, mheshimiwa anashukuriwa, wimbo unapigwa. Wengine wanatembelewa na Mwenge. Mtu aliyepokea pesa katika sherehe ya namna hiyo, tena karibu na uchaguzi, anatoka pale na hisia kwamba amepewa zawadi, na hakuna afisa aliyesimama jukwaani kumwambia vinginevyo.

Sasa turudi kwa mwenye bodaboda. Kijana asiye na pikipiki ana njia mbili. Anaweza kuwa deiwaka, anaendesha chombo cha mwenzake kwa siku na kupeleka hesabu. Au anaingia mkataba: tajiri ananunua pikipiki, kijana anapeleka kiasi walichokubaliana kila siku, kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo, na mwisho wake chombo kinakuwa chake. Viwango vinatofautiana mji hadi mji, ila elfu kumi kwa siku ndicho kinachosikika sana. Piga hesabu: siku mia nne ni milioni nne, kwa chombo ambacho dukani kilinunuliwa kwa milioni tatu na kitu. Hakuna anayeita ile ziada riba, lakini ni riba, na ni nene. Pamoja na hayo vijana wanalipa. Wanalipa kwa uaminifu ambao idara ya maendeleo ya jamii ingeuota tu.

Sababu hazina fumbo. Mkopaji ni mmoja na chombo ni kimoja, hakuna wa kumsukumia lawama. Malipo ni ya kila siku kwa sababu kipato ni cha kila siku. Kijana hatakiwi kutunza laki tatu hadi mwisho wa mwezi katika chumba anacholala na wadogo zake wawili. Kadi ya pikipiki inabaki kwa tajiri hadi siku ya mwisho. Tajiri anajua kijiwe anachoegesha, anajua nyumbani kwao, na mara nyingi alimpata kwa kudhaminiwa na mtu anayeheshimika. Kubwa kuliko yote, kila shilingi inayolipwa inamsogeza kijana kwenye kitu anachokiona kwa macho: kile chombo kitakuwa changu.

Sitaki kuupamba mkataba. Una ukatili wake. Kijana akigongwa mwezi wa kumi na moja, anaweza kupoteza mguu na chombo kwa pamoja, na tajiri asirudishe kitu. Shinikizo la hesabu ndilo linalowaweka wengine barabarani saa saba za usiku wakiwa na usingizi. Lakini kwa utaratibu wa kukusanya deni, watu wasio na shahada ya fedha wametatua pale halmashauri ilipokwama, nao hawakutumia semina.

Jirani zetu wa Uganda wametupa somo lililopimwa vizuri zaidi. Kaskazini mwa nchi hiyo, baada ya miaka ya vita, serikali ilitoa ruzuku kwa vikundi vya vijana kupitia mpango ulioitwa Youth Opportunities Program, wastani wa takriban dola 382 kwa kila mtu, wajifunze ufundi na kununua vifaa. Kwa kuwa waombaji walikuwa wengi kuliko fedha, vikundi vilichaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti wakiongozwa na Christopher Blattman wakafuatilia waliopata na waliokosa. Baada ya miaka minne, waliopata walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 38. Waliomba kama kikundi, lakini baada ya kununua vifaa na kusoma, wengi walifanya kazi mmoja mmoja, kila mtu na cherehani yake au randa yake. Kikundi kilikuwa mlango wa kuingilia tu, na hakuna aliyewalazimisha kubaki ndani yake.

Kisa hicho kina mkia unaosahaulika. Watafiti waliporudi baada ya miaka tisa, pengo la kipato lilikuwa limezibika. Wale waliokosa ruzuku nao walikuwa wamejikongoja hadi hapo kwa vibarua na biashara zao ndogo. Mtaji uliwawahisha wenzao kwa miaka kadhaa, na miaka kadhaa ya kula vizuri na kusomesha mtoto si kitu kidogo, lakini haukubadilisha kilele ambacho mtu anaweza kufika katika uchumi ule ule. Nawaambia hivi wanaoamini kwamba mkopo ndiyo dawa ya ajira. Baadaye, kuanzia mwaka wa fedha 2013/14, Uganda ilianzisha Youth Livelihood Programme, mkopo kwa vikundi vya watu kumi hadi kumi na watano, na huko marejesho yakawa kilio kile kile tunachokijua.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Hustler Fund, uliozinduliwa Novemba 30, 2022, uliachana na kikundi na kumkopesha mtu mmoja mmoja kwa simu, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, wengi wakianzia shilingi 500 za huko. Tatizo la kumbebea mwenzio mzigo likaisha. Likabaki la kiasi: kwa pesa ile unanunua kreti ya soda, au unalipa deni la jana. Wasiolipa nao wakawa wengi. Kwa hiyo kumkopesha mtu binafsi peke yake hakutoshi. Inategemea unampa nini na unakichukuaje.

Huku kwetu, hesabu ya jumla nayo ina la kusema. Dirisha lilipofunguliwa upya, Waziri wa TAMISEMI wa wakati huo, Mohamed Mchengerwa, alitaja shilingi bilioni 227.96 kuwa ndizo zitakazokopeshwa: bilioni 63.67 za marejesho, bilioni 63.24 zilizotengwa mwaka 2023/24 wakati mikopo imesimama, na bilioni 101.05 za mwaka 2024/25. Inasikika kubwa. Chukua zile bilioni 101 za mwaka mmoja, toa sehemu ya vijana, ni kama bilioni 40. Tanzania Bara ina watu karibu milioni 60 kwa sensa ya 2022, na theluthi yao au zaidi ni wa umri wa miaka 15 hadi 35. Gawanya sawa kwa sawa: kila kijana ataondoka na shilingi elfu mbili. Sahani ya wali maharage na chenji ya maji.

Na hazigawanywi sawa kwa sawa, kwa kuwa asilimia kumi ni ya kile halmashauri ilichokusanya. Jiji la Dar es Salaam lina Kariakoo ndani yake. Halmashauri ya pembezoni inategemea ushuru wa mazao, na mvua zikikataa hakuna ushuru. Ukikusanya bilioni mbili kwa mwaka, asilimia nne ya vijana ni milioni themanini, pikipiki ishirini na tano hivi kwa wilaya nzima. Sheria inampa kijana wa Nkasi haki sawa na wa Ilala, lakini mfuko wake unategemea amezaliwa wapi. Hili sijaona likijadiliwa kwa uzito linaostahili.

Kisha ikaja kanuni ya umri. Sera ya vijana ya mwaka 2007 inamtaja kijana kuwa wa miaka 15 hadi 35, na mikopo ilifuata ukomo huo wa juu. Sasa ukomo umepandishwa hadi 45. Wabunge waliolidai hilo walikuwa na hoja: mwanamke anakopa kwa umri wowote kuanzia 18, mwenye ulemavu vilevile, ila mwanaume akishafika 36 hakuwa na dirisha lolote. Hoja ni ya haki. Ila jawabu lilipatikana kwa kuongeza watu kwenye sufuria bila kuongeza unga. Kijana wa miaka 22 aliyetoka chuo cha VETA juzi sasa anashindana kwenye fungu moja na mwenye miaka 43 aliyekwisha kuwa na duka, wateja na mke anayejua kuandika andiko. Mimi ningekuwa afisa maendeleo na nina hofu ya marejesho, najua ningempa nani.

Halmashauri kumi ziliteuliwa kujaribu kutoa mikopo kupitia benki: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Nyingine zikaendelea na utaratibu wao ulioboreshwa, kwa kamati zaidi na uhakiki zaidi. Benki inajua kudai, hilo halina ubishi, na uchambuzi wake hauangalii kadi ya chama. Lakini benki haipandi mlima kwenda kuona banda la kuku Bumbuli. Atakayepanda ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye mara nyingi hana pikipiki, au anayo bila mafuta, na ana vikundi vya wanawake, TASAF na kampeni za chanjo juu ya meza hiyo hiyo. Kuongeza kamati juu yake hakumpi lita moja ya petroli.

Ningeachiwa kupendekeza, ningeanza na jambo ambalo kanuni zenyewe zimeshalikubali kwa upande mmoja. Mtu mwenye ulemavu anaruhusiwa kukopa akiwa peke yake. Kama hilo limewezekana kwake, liwezekane kwa fundi cherehani wa miaka 24. Wanaotaka kikundi kwa hiari yao wabaki nacho, maana wapo, hasa wavuvi wanaochangia mtumbwi na wakulima wa bonde moja la umwagiliaji. Mwingine asilazimishwe kutafuta binamu wanne.

Pili, halmashauri ilipie kifaa moja kwa moja kwa muuzaji, na hati ya umiliki ikae kwake hadi deni liishe, kama kadi ya tajiri. Malipo yawe madogo, ya wiki au hata ya siku, kwa simu, yakifuata mzunguko wa shughuli: bodaboda kila siku, muuza mitumba kila baada ya gulio, mkulima baada ya mavuno. Bima ya chombo iwe ndani ya mkopo, ili ajali isigeuke kifungo. Hapo ndipo serikali inapoweza kumzidi tajiri kwa utu. Na asiye na ujuzi wowote asikopeshwe kabisa kwa sasa. Ipo programu ya uanagenzi, upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi kupitia VETA; apelekwe huko kwanza. Kumpa mtu deni kabla ya kumpa kazi ya mikono ni kumwongezea shida aliyokuja nayo.

Duniani, Shirika la Kazi la Kimataifa lilihesabu vijana wapatao milioni 65 wasio na ajira mwaka 2023, asilimia 13 ya waliomo kwenye soko la ajira. Kwetu asilimia hiyo huonekana ndogo kwa sababu kijana wa Manzese hana uwezo wa kukaa bila kufanya chochote. Atauza karanga, ataosha magari, ataitwa mjasiriamali. Kwa hiyo takwimu ya ukosefu wa ajira haitatuambia kama mikopo hii inasaidia, na wala idadi ya vikundi vilivyokopeshwa haitatuambia.

Taarifa za robo mwaka zina safu ya vikundi vilivyowezeshwa na safu ya kiasi kilichotolewa. Ningeongeza moja: wangapi, miaka miwili baada ya kupokea, bado wanafanya shughuli ile ile waliyokopea. Afisa atalazimika kwenda kuwatazama, kwa hiyo mafuta yatengwe kutoka kwenye fungu hilo hilo. Na wale watakaokutwa wapo wapewe mkopo wa pili, mkubwa zaidi, bila kuanza upya na katiba na muhtasari. Mkopo wa kwanza humfundisha mtu kulipa. Ni kwa ule wa pili ndipo fundi anaponunua mashine yake mwenyewe na kumwajiri kijana mwingine, na kwa utaratibu wa sasa akitaka kufika huko anarudi stesheneri kama alivyoanza.